Kwa mdogo wangu, kabla mwanetu hajapanda ndege peke yake

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Tiketi ya mwanetu ya kwenda Mombasa kwa Mama umekwisha kuilipia, na tangu uilipie usingizi umekuruka. Nilitaka nikujibu kwa simu, nikaona heri niandike, tena niandike peupe, kwani likizo ya Agosti inabisha hodi na wazazi wengi hapa Nairobi wana swali hilohilo kifuani.

Unauliza kama miaka saba si michache mno. Mashirika mengi ya ndege huanza kuwapokea watoto wanaosafiri bila mkubwa wakishatimiza miaka 5, na hadi 11 huwaweka chini ya uangalizi maalumu: mhudumu mmoja humkabidhi mtoto kwa mwenzake mpaka afike. Kila shirika lina kanuni zake na ada yake, kwa hivyo wapigie simu hata kama tiketi unayo mkononi. Huduma hiyo huombwa mapema, na ikiwa ulimlipia mtandaoni kama abiria wa kawaida, rekebisha leo hii. Umri basi si neno. Neno ni kumwandaa, na hapo naomba ukae nami kidogo, maana mimi wa kwangu nilimpeleka nikiamini nimemwandaa.

Alikuwa na miaka minane. Begi jipya, viatu vipya, nywele tulisuka Jumamosi. Tulipofika kaunta pale JKIA, uwanja wa ndege wa hapa Nairobi, dada aliyekuwa akituhudumia akainama mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza, "Unaenda kwa nani?"

"Kwa Bibi."

"Bibi anaitwa nani?"

Mtoto akanitazama mimi, kisha akamgeukia tena yule dada. "Anaitwa Bibi."

Angejibu nini kingine? Katika nyumba yetu nani amewahi kumtaja Mama kwa jina mbele ya mtoto? Majirani humwita mama wa fulani, sisi twamwita Mama, wajukuu humwita Bibi, na jina la kitambulisho limebaki kabatini pamoja na kitambulisho chenyewe. Kisha ikawa zamu yangu: nitaje nambari ya kitambulisho cha anayempokea. Sikuwa nayo. Nikaanza kumpigia Mama huku foleni imesimama nyuma yetu, simu inaita, haipokelewi, nairudia. Hadi dakika ile mwanangu alikuwa akirukaruka kwa furaha. Aliponiona vidole vinanitetemeka kwenye simu, akanyamaza, akanishika nguo.

Ndiyo maana nakwambia uanze na majina. Mfundishe majina kamili ya Bibi, yako na ya babake, ayataje bila kusita. Nambari yako ya simu naye aijue kwa moyo. Wangu nilimfundisha akiruka kamba, tarakimu moja kila mruko, na hadi leo akiitaja unasikia ule mdundo wa kamba. Jina la kwenye tiketi lilingane na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Lile tunalomwitia nyumbani tuliache nyumbani.

Halafu ile fomu. Itakuwa na sehemu ya anayempeleka na sehemu ya anayempokea: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, simu. Uliza kama wanaruhusu mpokeaji wa pili, na wakiruhusu, mwandike. Mimi nilimwandika Mama peke yake. Asubuhi hiyo presha ikampanda, akamtuma Mjomba. Mjomba wetu, mtu wa makamo, anamjua mtoto tangu akiwa kwenye shuka, wakamkatalia. Mwanangu alikaa kwenye kiti cha ofisi saa moja na nusu, mpaka Mama alipofika kwa tuktuk, kanga ya nyumbani mabegani, kitambulisho mkononi. Sina kinyongo na wale wafanyakazi. Jina la Mjomba halikuwepo, na siku yoyote nyingine ningetaka wafanye vivyo hivyo. Mstari mtupu niliuacha mimi, na ile saa moja na nusu ningali naihesabu.

Chagua pia ndege ya asubuhi. Ikichelewa, siku bado ni ndefu, na hutaki mwanetu akwame jioni ndege za siku zimekwisha.

Sasa safari yenyewe. Nimegundua kwamba mtoto huvumilia karibu kila kitu alichoambiwa mapema. Kinachomvunja ni kile kidogo ambacho sisi wakubwa tumezoea hata hatukioni. Chukua pale ukaguzi wa njiani, kabla ya kulifikia jengo la abiria. Abiria wote hushuka garini, wanapita kwa miguu kwenye mashine, na gari linakaguliwa kando likiwa na dereva. Mwanangu alipoona gari la babake linaondoka na begi lake ndani, alidhani ndiyo ameachwa. Nilimweleza palepale, lakini chozi lilikuwa limeshatoka. Mwambie wako wiki hii: tutashuka, tutapita, gari litatungoja mbele.

Mwambie pia kwamba mashine ya ukaguzi itameza begi lake na ule mwanasesere wake wa tembo, vitatokea upande wa pili. Viatu anaweza kuambiwa avue, kwa hivyo mvishe vya kuvulika upesi, visivyo na kamba.

Mshipi wa kiti usiusahau. Katika gari amezoea kubonyeza kitufe chekundu. Wa ndege haubonyezwi. Una bamba la chuma ambalo huinuliwa, nao ukaachia. Mtoto asiyelijua hilo atabonyeza, atavuta, atadhani amefungiwa, na kuita mtu mgeni ataona haya. Babake mtoto wangu ana mshipi wa kitambaa wa suruali, ule wenye bamba la kuinua. Tuliufunga kwenye kiti cha sebuleni, tukawa tunafunga na kufungua. "Inua, usibonyeze." Sikufanya hivi safari ile ya kwanza. Nilifanya ya pili, na aliporudi jambo la kwanza kunisimulia lilikuwa kwamba alimfungulia mshipi mzee aliyeketi jirani yake.

Milio nayo. Ndege ikishapaa, chini ya sakafu kutasikika kishindo: ni magurudumu yanajikunja kuingia tumboni mwake. Muda si mrefu injini zitapunguza sauti, na mtu asiyejua hudhani zimezimika. Bawa nalo atakaloliona dirishani litafunguka vipande kwa nyuma, hasa wakati wa kutua. Choo kinavuta maji kwa kelele ya kushtua. Ndege ikitikisika, ni kama matatu ikipita kwenye barabara ya mashimo, tofauti ni kwamba mashimo haya ni ya hewa. Mweleze kwa sauti ya kawaida, kama unavyomweleza jinsi ya kuchemsha chai.

Masikio yanataka maelezo zaidi, kwa sababu njia hii ya kwenda pwani ina jambo lake. Sisi tuko juu. JKIA penyewe ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa ili watu wapumue vizuri, ila haifikishwi uzito wa hewa ya pwani; hubaki nyepesi kama ya mlimani, si mbali sana na hii tuliyoizoea hapa. Ndege ikianza kushuka kwenda Mombasa, hewa huongezeka uzito upesi na kuisukuma ngozi ya sikio kwa ndani. Basi masikio yatamuuma zaidi akienda kuliko akirudi, na zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupaa. Dawa ni kumeza: peremende ya kumumunya, maji kidogo kidogo, kupiga miayo. Mhudumu aombwe amwamshe kama amelala kabla ya kushuka, kwani aliyelala hamezi mara kwa mara. Na akiwa na mafua makali wiki hiyo, mpeleke kwa daktari kwanza. Bora tiketi ibadilishwe.

Kuhusu watu, mpe kanuni moja: aende tu na yule ambaye yeye amekabidhiwa kwake mbele ya macho yake. Wewe unamkabidhi kwa mhudumu, mhudumu kwa wa ndani ya ndege, wa ndani kwa wa Mombasa, wa Mombasa kwa Bibi. Mwimbishe mlolongo huo mpaka yeye ndiye akusahihishe wewe. Sare peke yake haitoshi, na jirani mkarimu kwenye kiti hawezi kumpeleka popote. Akiguswa au akiambiwa jambo linalomkera, aseme kwa sauti, amwite mhudumu kwa kile kitufe cha juu ya kichwa, na hatakemewa na mtu kwa kuita. Nambari ya 116, ile ya bure ya kuwasaidia watoto, wangu anaijua kama anavyoijua yangu.

Omba akae dirishani upande wa kulia. Mbingu zikiwa wazi ataiona Kilimanjaro, mita 5,895, kichwa chake kimechomoza juu ya mawingu kana kwamba kimewekwa pale mezani. Safari yote haizidi saa moja hivi, wakati treni ya SGR kutoka Syokimau mliyoizoea huchukua kama saa tano, kwa hivyo mwambie asilale akaikosa.

La mwisho ndilo lililo gumu kwako kuliko kwake. Usimtoroke. Najua kuna watakaokushauri umpe kitu cha kuchezea kisha uondoke kimyakimya ili asilie. Mtoto aliyetorokwa hatakuamini tena, na atalilia safari nzima mbele ya watu asiowajua. Muage. Mwambie ni nani anamchukua sasa, utampigia saa ngapi, na siku gani utakwenda kumpokea. Ukilia, lia, lakini maneno yako yasitetemeke. Kisha ubaki uwanjani mpaka ndege ipae, kwani ikirudi au ikicheleweshwa ni wewe utakayeitwa. Mimi nilibaki nimesimama kwenye maegesho nikitazama juu, nikiwa na kile kisanduku chake cha chakula alichokisahau mkononi mwangu, mikate miwili na ndizi.

Jumamosi nakuja kwako na ule mshipi wa shemeji yako. Mwambie mwanetu apange viti vitatu sebuleni, cha dirishani kiwe cha kulia, na akinifungulia mlango aniambie Bibi anaitwa nani.

Dada yako