Kiumbe aliyenyang'anywa ulimi

Ndugu Mhariri,

Nimechoshwa na wasomaji wanaodai kwamba filamu iliyotokana na riwaya lazima iwe dhaifu kuliko kitabu, kana kwamba hadithi ni maji ya kumimina tu kutoka chombo hiki hadi kile. Chombo nacho hubadili ladha.

Chukua Frankenstein ya Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818. Humo kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi anajifunza lugha kwa kuchungulia familia moja, anasoma vitabu, kisha anamkabili muumba wake kwa hoja kali: umeniumba, mbona umenitupa? Filamu ya mwaka 1931 ilimnyang'anya ulimi. Boris Karloff, aliyemwigiza kiumbe huyo, anaguna, anainua mikono kuufuata mwanga, basi. Dhamira ya upweke haikufa. Ilihama kutoka kwenye maneno ikaingia machoni. Ila utanzu uliegemea upande mmoja: mjadala wa kifalsafa ulififia, kitisho kikatawala. (Na wengi bado wanadhani Frankenstein ni jina la kiumbe. Ni la aliyemuumba.)

Redio nayo ina hila yake: haionyeshi kitu, kwa hiyo zimwi hulichora msikilizaji mwenyewe. Michezo ya kompyuta imekwenda mbali zaidi. Hatia ya mhusika inakuwa yako, maana wewe ndiye uliyebonyeza kitufe.

Naomba basi wahakiki wa gazeti lako waache kuuliza kama filamu "imefuata kitabu". Waulize imefanya nini ambacho kitabu kisingeweza.

Msomaji wako wa siku nyingi