Barua kwa Rehema: Waalimu wa Kike wa Sinema za Zamani

Mdogo wangu Rehema,

Salamu kwako, kwa Mama na wote hapo nyumbani. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Fedha ya kukodi projekta ya kuwaonyeshea waalimu wenzako filamu nimetuma yote. Ile ya Juma sitatuma mpaka anipigie mwenyewe, na anajua kwa nini.

Sasa tuje kwa Baba Mdogo. Ujumbe wake wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Ati sinema za zamani ndizo ushahidi wake kwamba mwanamke akishika chaki sawasawa, nyumba inamshinda, na kwamba wewe umeshachagua njia yako. Mwambie kazi inayonilisha huku ni filamu hizo hizo, na kwamba wakubwa zangu hawapangi kuonyesha filamu yoyote ya kabla ya 1970 bila kuniuliza. Mwambie kwa sauti, mbele ya Shangazi.

Kwamba waalimu wale hawaolewi ni kweli, hapo simbishii. Lakini aliulize swali la pili: kwa nini? Uingereza, mpaka sheria ya elimu ya 1944 ilipokataza, mwalimu wa kike aliyeolewa angeweza kupoteza kazi kwa sababu hiyo tu. Marekani nako wilaya nyingi zilikuwa na kanuni ya namna hiyo mpaka miaka ya vita. Useja ulikuwa sharti la ajira. Hollywood ikaichukua kanuni ya mwajiri na kuifanya msiba wa moyo. Katika Cheers for Miss Bishop (1941), mwalimu Ella anaporwa mchumba na binamu yake, kisha anamlea mtoto wa binamu huyohuyo na kufundisha chuoni hadi uzeeni. Katika Good Morning, Miss Dove (1955), bibie anaacha ndoa ili alipe fedha ambazo marehemu baba yake alizichukua benki. Kila mmoja amepewa jeraha lake la siri, na mtazamaji analia badala ya kuuliza mkataba ulisemaje.

Ukitaka kumnyamazisha Baba Mdogo, mwonyeshe kando ya hizo Goodbye, Mr. Chips ya 1939, anayoipenda sana. Chips, mwalimu wa kiume, ni mkavu, wanafunzi hawamtaki. Anaoa, na mkewe ndiye anayemfanya mwalimu mzuri. Kwa mwanamume ndoa inamnoa mwalimu, kwa mwanamke inamfuta. Robert Donat, aliyemcheza Chips, akapata Oscar.

Hata miili yao ilibadilishwa. Bette Davis alipocheza Miss Moffat katika The Corn Is Green (1945) hakuwa amefika miaka 40, lakini alivaa wigi la mvi na nguo zilizojazwa ili aonekane mzito. Kwenye kijiji cha wachimba makaa cha Wales anagundua kipaji cha kijana Morgan na kumpigania mpaka Oxford. Morgan anapompa mimba Bessie, Miss Moffat anamchukua mtoto amlee yeye, ili kijana aende zake. Filamu inataka tupige makofi. Mimi kila nikiiona nahisi imemtoza mwalimu bili ya mtu mwingine.

Kwa kikao chenu na waalimu wenzako, usionyeshe hizo nzima nzima. Chukua jozi hii: These Three (1936) na The Children's Hour (1961), zote za mwongozaji William Wyler, zote kutoka tamthilia moja ya Lillian Hellman ya 1934. Mtoto anawazushia waalimu wawili wa kike wanaomiliki shule, Karen na Martha, kwamba ni wapenzi. Mwaka 1936 kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu hilo litajwe, wala jina la tamthilia lisitumike, hivyo uongo ukageuzwa: mwalimu mmoja ametembea na mchumba wa mwenzake. Mwaka 1961 kanuni zililegezwa, Wyler akarudi kwenye kisa cha asili, na humo Martha anajinyonga. Onyesha sehemu moja ya 1961: wazazi wanakuja kuwatoa watoto, hakuna anayesema sababu. Karen anamfuata baba mmoja nje. Kamera inabaki ndani, tunawaona wakizungumza na hatusikii neno. Simamisha hapo, waache walimu wazungumze. Mwalimu anaishi kwa imani ya wazazi, na ikiondoka haimwachii hata barua ya kujibu.

Onyo: usianze na jozi hiyo. Watu wakianza na kifo cha Martha, hakuna atakayetaka kujadili kingine.

The Prime of Miss Jean Brodie (1969) ndiyo wataipenda kuliko zote, na ndiyo itakayowapotosha. Maggie Smith alipata Oscar kwayo, na haki yake, maana anavutia mpaka unasahau anachofundisha. Tazama anapowauliza wasichana mchoraji mkuu wa Italia ni nani. Wanasema Leonardo. Si sahihi, anawajibu, ni Giotto, yeye ndiye nimpendaye. Mapenzi yake binafsi yamekuwa jibu la mtihani. Njia hiyohiyo ndiyo anayowapandishia Mussolini na Franco, madikteta wa Italia na Hispania, na Mary McGregor, yule msichana mnyonge, anaifuata mpaka Hispania yenye vita na kufa huko. Waulize wenzako kosa lilianzia wapi. Wengi watataja Hispania. Lilianzia kwa Giotto.

Anayenirudisha nyumbani kila mara ni Oishi, wa Twenty-Four Eyes, filamu ya Kijapani ya Keisuke Kinoshita ya 1954 kuhusu mwalimu na wanafunzi wake 12, macho 24 kama jina lake linavyosema. Kinema Junpo, jarida la filamu la Japani, liliipa nafasi ya kwanza mwaka ule, mbele ya filamu mashuhuri Seven Samurai. Oishi ameolewa, ana watoto, na anaacha kazi kwa sababu hataki kuwaandaa wavulana kwa vita. Vita vikiisha anarudi darasani. Baba Mdogo hana jibu la Oishi. Angalia watoto wanavyokua: Kinoshita alitafuta ndugu wa kweli wanaofanana, mdogo acheze utotoni, mkubwa acheze baadaye. Inazidi saa mbili na nusu, kwa hiyo pumzisheni baada ya ile picha ya pamoja ya watoto na mwalimu. Maandishi ya tafsiri ni meupe na mchanga wa pwani unayameza, basi ziba madirisha na mtu asome kwa sauti.

Fungua na Bright Road (1953). Haifiki dakika 70. Dorothy Dandridge ni mwalimu, Harry Belafonte mkuu wa shule, na karibu waigizaji wote ni weusi. Hapa kazi yenyewe ndiyo hadithi: mtoto mmoja hashiki masomo, na mwalimu anatafuta mlango wa kumfikia. Kisa kiliandikwa na mwalimu, Mary Elizabeth Vroman, na kinanukia darasa.

Kuhusu projekta: Bright Road, These Three na ya Oishi zilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, yaani upana kwa kimo. Mashine za leo huzivuta hadi 16 kwa 9, nyuso zikapanuka. Ingia kwenye mipangilio uchague 4 kwa 3 kabla watu hawajaketi, na mistari myeusi pembeni iacheni. Spika weka karibu na kitambaa, mazungumzo ya zamani yana sauti hafifu.

Natamani ningekaa nyuma pale nimsikie Baba Mdogo akibisha. Nitajie tarehe mapema, ruhusa za kuonyesha hadharani nitaziomba mimi, nazo huchukua wiki kadhaa.

Dada yako,
Mwanaisha