Fidla ya Baba Isubiri Kwanza

Hamburg, Jumapili usiku

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai Mama kifua kimemtulia na nyote hapo Mkunazini, Unguja, hamjambo. Mimi mzima, ila baridi imeshaanza kuuma.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nassir katimiza miaka 8, mpira hautaki, anataka fidla, na wewe umeshaitungua ile ya marhum Baba ukutani ili aanze nayo Jumamosi. Nia yako naijua, na mimi pia natamani kuuona mkono wa mjukuu wake juu ya mbao ile. Lakini nakuomba, iweke sandukuni kwanza.

Sikuwahi kukwambia kwa nini mimi niliacha. Nilikuwa na umri kama wake Baba aliponikabidhi hiyo hiyo. Nikiiweka begani kiwiko kinanyooka kabisa, kidole cha mwisho hakifiki kwenye uzi, na usiku bega linaniuma hata silali. Nikajiona sina kipaji. Nikaiacha kimya kimya, na Baba hakuniuliza. Leo, mtu mzima, ndio nafahamu kwamba mkono wangu ulikuwa mfupi kwa fidla ile, basi.

Fidla zina saizi. Ya mtu mzima kiwiliwili chake ni kama sentimita 35 na nusu. Iitwayo ya nusu ni kama 31, na chini yake ipo ya robo na ndogo zaidi. Wengi hufikia ile kamili wakiwa na miaka 11 au 12, lakini umri usikushike sana, pima mkono. Ulinipa sentimita 51 kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Hiyo ni ya nusu. Mpime tena akiwa amevua shati, mkono wa kushoto umenyooka ubavuni, kisha nijulishe. Hiyo ya nusu ninayomletea ikishafika, aiweke begani anyooshe mkono: vidole vikizunguke kile kichwa chenye msokoto, na kiwiko kibaki kimepinda kidogo. Akijinyoosha ndipo akifikie, ni kubwa, na usiniambie atakua nayo. Si kanzu ya Idi hii.

Ya kwanza niliiagiza kwenye mtandao, mpya, inang'aa, rahisi mno. Vigingi vikateleza, kila ukikaza uzi unarudi. Kile kibao cha kati kinachobeba nyuzi kilikuwa kirefu, uzi mnene umekaa juu ya ubao wa vidole karibu milimita 9. Nikaipeleka kwa fundi wa fidla hapa mtaani, mzee mpole. Akabonyeza uzi mara moja akaniambia, mtoto akibonyeza huu wiki mbili ataichukia fidla. Hata kwenye fidla kubwa uzi ule hukaa kama milimita 5 tu. Nikairudisha.

Niliyonunua baadaye kwa huyo fundi imeshatumika, ina mikwaruzo, Euro 180 pamoja na upinde na sanduku. Uso wake ni mbao ya spurusi, mti wa jamii ya msonobari, na ubao wa vidole ni mpingo wa kweli, si mti uliopakwa rangi nyeusi. Kachonga kibao upya, kakaza vigingi, na ndani kakisimamisha sawasawa kile kijiti kinachopeleka mtetemo wa uso hadi mgongoni. Kazi hiyo ndiyo niliyoilipia, na singeibadilisha kwa fidla mpya tatu za mtandaoni.

Usimruhusu mtu yeyote abandike tepu za alama kwenye ubao, ila mwalimu wake. Fidla haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, na kwa sababu hiyo inaweza kuimba Rast na Bayati, maqamu za muziki wa Kiarabu, zile sauti zilizo katikati ambazo kinanda cha kawaida hakinazo. Sikio lake lizizoee mapema. Mwalimu ndiye atakayeamua pia nyuzi zifungwe vipi, maana wapigaji wengi wa Kiarabu hawafuati mpango wa Kizungu. Muulizie kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kile kilichoanza kufundisha mwaka 2002, au kwa wazee wa Ikhwan Safaa, kile kikundi cha taarab.

Masika vigingi vitavimba na kukwama, msivilazimishe. Na isiachwe kabisa ndani ya gari juani, gundi ya fidla huachia kwa joto.

Ya Baba nayo, usizilegeze nyuzi zote kwa pamoja, kile kijiti cha ndani kinaweza kuanguka. Ipanguse vumbi, ifungie, iweke mbali na dirisha. Akifika saizi yake nitakuja mwenyewe, inshallah, tuipeleke kwa fundi pamoja.

Hii ndogo ya Nassir nampa mtoto wa ami anayekuja mwezi ujao. Ataibeba mkononi, haiingii kwenye mizigo. Mwambie Nassir nitapiga simu Ijumaa baada ya sala. Wimbo sitaki bado. Anisikilizishe uzi mmoja mtupu, mrefu, upinde mzima kutoka mwanzo hadi ncha.

Nduguyo