Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Tubandikieni karatasi moja ukutani

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais, TAMISEMI,
Dodoma.

Assalamu alaykum Mheshimiwa. Kwa heshima na taadhima naomba unisikilize. Mimi ni mama muuza vitumbua, naishi Ngamiani, hapa Tanga. Nimevumilia miezi nikisema mambo yatakaa sawa. Jumatatu iliyopita uvumilivu ulinishinda.

Siku hiyo nilikwenda ofisi ya kata kwa mara ya tatu kufuata barua ya utambulisho ya kikundi chetu cha akina mama. Jina la kata silitaji, maana sikukusudia kumwaibisha mtu. Mara ya kwanza niliambiwa printa haipo, nije wiki ijayo. Mara ya pili nikaambiwa nikachapishe steshenari kwa hela yangu, niirudishe igongwe muhuri. Nikaenda, nikalipa, nikarudi jua la saa saba, mwenye muhuri katoka. Jumatatu ndipo nikauliza: ile kompyuta na printa niliyokuwa nikiiona juu ya meza ile, imekwenda wapi? Kijana aliyekuwepo akanijibu bila hata kuinua uso: "Mama, ile ilikuwa ya mheshimiwa aliyetoka."

Mheshimiwa Waziri, alimaanisha diwani aliyemaliza muda wake, na jibu hilo halijanitoka kichwani. Ilikuwa yake kivipi? Aliinunua kwa mfuko wake akaiweka pale kutusaidia? Kama ndivyo, Mungu amlipe, na ana haki ya kuondoka nayo. Au ilinunuliwa kwa ushuru ninaotoa mimi kila siku nikikaa na karai langu pembeni mwa barabara? Kama ni hivyo, nani alimruhusu? Nilipouliza hayo hakuna aliyenijibu, na kwa nilivyowatazama, naona hata wao hawakuwa na pa kutazama.

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa masjala katika halmashauri moja, si ya hapa. Kila kiti cha ofisi kilikuwa na namba ya rangi mgongoni, kila kabati, hata saa ya ukutani. Mtu akihama au akistaafu, wanakaa watu wawili na leja, wanahesabu kimoja kimoja, wanatia saini, na aliyepungukiwa na kitu anaeleza. Siku moja alirudi nyumbani saa tatu usiku kwa sababu ya kiti kimoja ambacho hakikuonekana. Nilimgombeza, chakula kimepoa. Akaniambia, mke wangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Kiti kilikutwa kesho yake kwenye chumba cha walinzi.

Sasa niambie, Mheshimiwa. Mtumishi anakabidhi hadi kiti. Diwani je? Udiwani una mwisho unaojulikana, ni miaka mitano. Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 mabaraza yalivunjwa nchi nzima, wakaondoka wengi, wakaja wengine. Tumesikia baadhi ya halmashauri ziliwapa madiwani vishikwambi ili waache kubeba makabrasha ya vikao. Ni jambo jema, karatasi ni ghali. Lakini kile kishikwambi udiwani ukiisha kinarudi, au kinabaki kwa watoto nyumbani? Gari lenye namba za SM kila mtu mjini analitambua kuwa ni la serikali za mitaa, likikutwa pasipofaa watu watasema. Kompyuta haina kibao mgongoni. Inaingia kwenye mfuko, inatoka.

Wala sisemi madiwani wasilipwe. Naomba hili lieleweke vizuri, maana najua watu watanigeuzia maneno. Diwani si mwajiriwa, hana mshahara, ana posho ya mwezi, posho za vikao na kiinua mgongo akimaliza muda. Serikali yenyewe iliona ugumu wao: Juni 2021, kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha alitangaza kwamba posho ya mwezi ya madiwani kwenye halmashauri zenye mapato madogo italipwa na Serikali Kuu moja kwa moja kwenye akaunti zao, waache kuzungushwa na wakurugenzi. Nilifurahi, nikasema angalau sasa hatatupiga chenga akisingizia kwamba hajalipwa.

Ila viwango vyenyewe vinapita ofisini kwako, Mheshimiwa, na sisi huku mtaani hatuvioni. Matokeo yake ni mabaya kwa pande zote mbili. Diwani wetu mmoja wa zamani, nikipita kwake alfajiri na beseni langu, nilikuta watu wamekaa barazani wanamsubiri. Huyu ana msiba, yule ada ya mtoto, mwingine nauli ya kwenda hospitali ya Bombo kumwona mgonjwa. Wote wanaamini ana fedha nyingi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia analipwa kiasi gani. Mtu akiombwa kila alfajiri zaidi ya anachopata, atatoa wapi? Nadhani hapo ndipo baadhi yao huanza kutazama vilivyomo ofisini. Simtuhumu mtu. Nasema ninavyoona.

Na sisi je? Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, tukangoja, ikarudishwa. Kikundi chetu tumeungana, tumechanga, tumefungua akaunti benki. Kilichotukwamisha ni karatasi moja, kwa sababu printa imeondoka na mtu. Jumatatu hiyo mchele niliouroweka usiku ulichacha nikiwa kwenye benchi la kata. Kilo nne, na nazi nilishakuna. Wateja wangu wa asubuhi walinunua kwa mwingine na sijui kama watarudi. Mwanangu wa mwisho alikwenda shule bila hela ya uji. Mtu wa ofisini anaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu ndiyo wiki nzima imeharibika, na kesho yake nilikopa mchele dukani kwa maneno ambayo sipendi kuyasema.

Kwenye kampeni alisimama kiongozi hapa kwetu, akashika kipaza sauti, akasema "ofisi ya kata ni yenu wananchi". Nilipiga makofi. Kama ni yetu, nionyesheni orodha ya vitu vyetu.

Sheria zipo. Mamlaka za Miji zina sheria yao, Na. 8 ya mwaka 1982. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka viongozi, na madiwani wamo, watamke mali zao kila mwaka ifikapo Desemba 31. CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua halmashauri kila mwaka. Yote hayo yako juu, kwenye vitabu na Dodoma. Ukutani pale kwenye kata niliona kalenda ya mwaka uliopita na tangazo la chanjo.

Ombi langu ni moja. Amuru kila ofisi ya kata ibandike karatasi moja: diwani analipwa posho gani na kiasi gani, amepewa kitu gani cha ofisi chenye namba gani, na siku ya kuondoka anakabidhi nini kwa nani. Karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nisiye na miwani nitazisoma. Ibandikwe nje, si ndani ya kabati. Sitaki mtu afukuzwe, sitaki semina, sitaki tume. Nataka karatasi.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nimeandika maombi kwa mkono, nakala mbili, moja naipeleka kata Alhamisi baada ya kumaliza kuuza, nyingine naituma kwako kwa posta. Nitaanza kuhesabu siku hiyo hiyo.

Ni mimi, kwa heshima,
Mama muuza vitumbua,
Ngamiani, Tanga.