Waya wa breki unaua hata mti ambao haujaota

Mhariri,

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko pembezoni mwa msitu wa Budongo, wilaya ya Masindi nchini Uganda, na mbao ndizo zilizonilisha na kuwasomesha watoto wangu wanne. Baba alifika huku kutoka Arua kufanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Kambini walikutana watu wa makabila mengi, wengine kutoka Congo, ndiyo maana hadi leo kijijini kwetu Kiswahili ni lugha ya sokoni. Natanguliza haya nisije nikadhaniwa ni mtu wa mjini anayewahurumia wanyama kwa sababu sura zao zinapendeza. Naandika kwa ajili ya miti.

Mwezi uliopita niliingia msituni pamoja na kijana wa jirani yangu, ambaye kazi yake ni kutegua mitego. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na nyaya 17 mkononi. Nyingi ni waya za breki za baiskeli, nyingine zimechunwa kwenye matairi yaliyochomwa moto. Kila kitanzi kilifungwa kwenye mche uliopindwa, kikisubiri mguu wa funo au wa nguruwe mwitu. Mitego nimeizoea tangu utoto. Kilichonitia hofu ni kimya. Tulipumzika chini ya mkuyu ulioiva, na tini zilikuwa zimelala chini zikioza pale pale zilipoangukia. Zamani hukai chini ya mkuyu ulioiva bila kudondoshewa makapi kichwani. Hondohondo wanapiga kelele, kima na mbega wanafukuzana, sokwe wanatafuna na kutema, na asubuhi utaona kwato za funo waliokuja kuokota mabaki. Siku ile tuliwasikia ndege wadogo na nzi, basi.

Watu wengi hudhani mti hujizaa wenyewe. Mbegu inadondoka, mvua inanyesha, mche unachipua. Kwa mahogani ni karibu na hivyo, maana mbegu yake ina ubawa na upepo huichukua. Lakini katika misitu ya joto kama yetu, aina 7 hadi 9 za miti katika kila 10 hutegemea mnyama au ndege kubeba mbegu zake. Mbegu inayobaki chini ya mama yake ina maisha mafupi: kivuli kinaibana, ukungu unaiozesha, panya na wadudu wanajua mahali pa kuitafuta. Ile iliyomezwa na sokwe na kunyewa mbali, ikiwa na mbolea yake, mahali penye mwanga kidogo, hiyo ndiyo huwa mti. Hata mvule, ambao wateja wangu wanaulilia kwa ajili ya milango na vitanda, tunda lake ni laini na mbegu zake ni ndogo sana, na mbebaji wake mkubwa ni popo anayekula matunda. Nimefanya kazi na mvule miaka 30 na jambo hili nimelijua juzi tu. Naona aibu kulisema, lakini bora lisemwe.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa tembo. Upo mti mmoja mkubwa wa jamii ya mjunju, wataalamu wanauita Balanites wilsoniana, wenye tunda kubwa ambalo wanyama wengi hawaliwezi. Tembo hulimeza zima. Watafiti waliufuata mti huo katika misitu miwili ya hapa Uganda: Kibale, ambako tembo bado wapo, na Mabira, ambako walishatoweka. Kibale mbegu zilizopita tumboni mwa tembo huota vizuri, na miche huonekana mbali na mti mkubwa. Mabira miche imejikusanya chini ya mama, na michache sana inafika ukubwa wa kijana. Ukipita Mabira kwa gari kuelekea Jinja utaona msitu wa kijani kabisa, miti mirefu imesimama, na huwezi kujua kwamba baadhi yake ni wazee wasio na watoto. Mti unaweza kuishi miaka 100 baada ya mbebaji wake wa mwisho kuuawa. Kwa hiyo hasara ya waya wa leo wataiona wajukuu wetu, na hawatajua walichonyang'anywa ni kitu gani.

Hapa Budongo tembo walikwisha zamani. Baba alinisimulia, na vitabu vya misitu vinasema vivyo hivyo, kwamba wakubwa wa misitu wa wakati ule walimhesabu tembo kuwa adui, maana alivunja na kukanyaga miche ya mahogani. Tembo wakapigwa risasi. Miti iliyoonekana haina soko ikatiwa sumu ili mahogani ipate nafasi. Wakubwa hao walikuwa watu wasomi na waliamini wanautunza msitu.

Wanyama waliobaki sasa ndio wanaoingia kwenye nyaya. Wanaowafuatilia sokwe wa Budongo, kazi iliyoanza mwaka 1990 pale kwenye kituo cha utafiti cha Sonso, waliona kwamba karibu robo ya sokwe wana majeraha ya mitego: kiganja kimekauka, vidole vimekatika, mguu umepinda. Mtegaji hakumtaka sokwe, huku kwetu sokwe haliwi. Alimtaka funo. Waya hauchagui. Hata mkuki ni hivyo hivyo: katika hifadhi ya Bwindi mwaka 2020 mtu aliingia kutafuta wanyama wadogo, kwa maelezo yake mwenyewe, na aliyekufa kwa mkuki wake ni Rafiki, gorila dume aliyeongoza kundi la Nkuringo. Mtu huyo alihukumiwa miaka 11 jela.

Sipingi hukumu ile. Ila nawajua wategaji, wengine nimesoma nao darasa moja. Mashamba ya miwa yamefika hadi ukingoni mwa msitu, nguruwe mwitu anafukua muhogo usiku, na mwenye nusu eka hawezi kulala macho mwaka mzima. Anafunga waya mmoja kulinda shamba. Akipata nyama, mtu wa pikipiki anakuja kuinunua, na kesho yake anafunga nyaya kumi ndani ya msitu. Anayenunua kilo ile na kuila mjini na bia hakamatwi kirahisi kama kijana mwenye matope miguuni. Ningeanza naye huyo mnunuzi. Kwa mtegaji ningeanza na mbuzi na sungura, na fidia ya muhogo inayofika kabla familia haijalala njaa. Mzee mmoja wa hapa, mwindaji hodari wa ujana wake, aliacha kutega alipopewa mbuzi wa kufuga, na leo ndiye anayetuonyesha njia za wategaji. Sheria inataka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa irudi kwa majirani wa hifadhi. Fungu kama hilo nalitamani lionekane pia katika vijiji vinavyopakana na misitu ya akiba, maana mbegu haijui mpaka.

Kuna jambo jingine la kiofisi. Miti ya Budongo iko chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu. Wanyama wako chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori. Askari wa mti akiona gogo limekatwa anajua la kufanya, akiona waya anaweza kusema ni kazi ya wenzake. Sisemi kwamba hawaelewani, wengi wao ni watu wa kujitoa. Nasema mbegu iko kati ya ofisi mbili na haina mwenyewe.

Kila msimu wa mvua tunaona picha za viongozi wakipanda miche, na siku hizi kuna fedha za kaboni, yaani malipo kwa kaboni ambayo miti huihifadhi, zinazotajwa kwa kila eka ya msitu. Ni vizuri. Lakini utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba msitu ukipoteza wanyama wakubwa unapoteza polepole miti yenye mbao nzito, ile inayohifadhi kaboni zaidi, kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye mbegu kubwa.

Ombi langu ni dogo. NFA watakapokuja tena kupima miti Budongo, wasipime unene wa magogo peke yake. Watembee hatua 50 kutoka kila mvule na kila mkuyu mkubwa, nje ya kivuli chake, wahesabu miche na miti michanga, na namba hizo zichapishwe gazetini kwenu. Waje na wenzao wa UWA siku hiyo hiyo. Kijana wa jirani yangu anazijua njia zote, na mimi nitabeba panga na maji.

Seremala,
Masindi