Bagi la jangwani lisichaguliwe kwa hospawa

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nijibu ile makala ya Jumapili kuhusu mabagi ya saidi-bai-saidi, yale ya wazi ya watu wawili au wanne, tairi kubwa na mabomba juu. Mwandishi kaandika vizuri sikatai, na picha kali, ila ushauri wake kwa mtu anayetaka kwenda nalo jangwani safari ndefu umeishia kwenye hospawa tu, yani nguvu ya injini. Anasema kwenye mabagi ya kampuni ya Polaris, RZR Pro R ina 225, Turbo R ina 181, XP 1000 ina 110 na kitu, basi chukua ya 225 kama mfuko unaruhusu. Sasa hapa Ngamiani gerejini kwangu kuna vijana wanne wameikata ile makala wakaibandika ukutani, wana mpango wa kwenda jangwa la Chalbi, kule Marsabit Kenya, na michango wameshaanza. Ndo maana naandika mapema, hela haijatoka bado.

Mi ni fundi wa pikipiki na bajaji, mabagi nayashika pia yanapoletwa, na kitu cha kwanza ninachomuuliza mtu sio injini, namuuliza utabeba nini. Hapo wengi wanakaa kimya. Chukua hiyo RZR XP 1000, kampuni yenyewe inasema mzigo wote mwisho paundi 740, yani kama kilo 336, na humo wamo na watu. Haya tupige hesabu. Watu wawili wazima, tuseme kilo 80 kila mmoja, 160 hizo zimeshaenda kabla hujawasha. Maji, jangwani mtu anataka si chini ya lita 4 kwa siku na jua likikaza anataka zaidi, kwa hiyo wawili kwa siku 5 ni lita 40, ongeza 20 za akiba maana bagi likikwama hamtakunywa mchanga, hizo kilo 60. Petroli ya akiba madumu manne ya lita 20, petroli ni nyepesi kuliko maji kwa hiyo lita 80 zinakuja kama kilo 60, na madumu ya chuma matupu yana kilo 4 hivi kila moja, jumla 76. Tumefika 296. Zimebaki 40. Na bado hatujapakia spea tairi na rimu yake, jeki, spana, mahema, chakula, sufuria, winchi, wala lile paa la bati zito ambalo kila mtu anataka kulifunga ili apendeze. Hapo ndo unaona kijana anabeba hivyo hivyo, shokapu zinakaa chini, A-arm, zile mikono ya chuma inayoshika tairi, zinapigwa, halafu anasema bagi bovu.

Sasa linganisha na mabagi ya kazi ambayo vijana wanayaita ya kizee. Polaris Ranger XP 1000 au Can-Am Defender, karai la nyuma, pale pa kuwekea mzigo, peke yake linabeba kama kilo 450. Katikati kuna General XP 1000, ina hospawa 100 na karai lake linachukua kilo 270 hivi. Na tangu 2023 hao hao Polaris wametoa Xpedition, hiyo wameitengeneza kabisa kwa ajili ya safari, kuna toleo lina kabini iliyofungwa na vioo, vumbi halikuli. Sijasema hizi hazina kasoro, Ranger kwenye matuta ya mchanga inayumba kama mkokoteni wa nazi ukilinganisha na RZR, nakubali. Ila safari ndefu sio matuta ya mchanga.

Kingine makala imeruka kabisa ni mkanda. Mengi ya haya mabagi hayana gia kama za gari, yana CVT, puli mbili na mkanda wa mpira katikati kama skuta za otomatiki, ila huu mkubwa zaidi na unateswa zaidi. Puli ya mbele inabana kadri injini inavyopanda, mkanda unapanda juu, ya nyuma inafunguka, bagi linaongeza mwendo. Tabu inaanza ukiwa kwenye mchanga mzito, mzigo umejaa, unakwenda taratibu na umeweka H, ile gia ya mbio. Puli haibani sawasawa, mkanda unateleza, unachemka, unasikia harufu ya mpira unaoungua, na ukiendelea kukanyaga unakatika. Ndo maana kuna L, gia ya nguvu ya mwendo mdogo, na mwongozo wa bagi lenyewe umeandika ukienda polepole na mzigo au ukivuta kitu weka L, ila vijana wanaona L ni aibu. Sasa piga picha bagi la hospawa 181 lenye tabo, ile inayosukumia injini hewa zaidi, liko mikononi mwa mtu anayeona L ni aibu.

Mkanda ukikatika safari haijafa, tatizo ni watu hawajawahi kuubadilisha. Ukifungua kava utakuta nyuzi zimejisokota kwenye shafti na vipande vya mpira vimejaa humo ndani, lazima utoe vyote, kimoja kimoja, kipande kikibaki kitaula na mkanda mpya. Halafu unapanua puli ya nyuma na kile kifaa chake kinachokuja kwenye mfuko wa spana, unavalisha mpya, unaangalia maandishi na mshale uelekee mbele, unafunga kava bila kuacha upenyo wa vumbi. Na mkanda mpya hautaki fujo, kilomita kama 80 za mwanzo nenda nao kistaarabu. Beba angalau miwili ya spea, ya kampuni, sio ya kubahatisha. Na hii kazi ifanyike nyumbani kwanza na anayeifanya awe yule atakayeendesha, mimi sitakuwepo Chalbi.

Kuna yanayotembea bila mkanda. Honda Talon 1000 ina gia sita za klachi mbili zinazojibadilisha zenyewe, Yamaha YXZ1000R ina gia za kubadilisha mwenyewe. Kwa upande wa mkanda umepona, nazipenda kwa hilo. Ila angalia tangi, Talon inachukua lita 27 na ushee tu, YXZ 34, na hazina sehemu ya maana ya kuweka madumu. Kwa hiyo umetatua moja umefungua lingine. Kwa wanaozunguka siku moja na kurudi kambini ni mashine nzuri sana, kwa safari ya kulala porini mi ningesita.

Vijana wamenijibu kwa Dakar, yale mashindano makubwa ya jangwani. Wananiambia fundi, mbona kule Saudi Arabia Can-Am Maverick X3 na RZR ndo zinashinda, Casey Currie 2020 kashinda na Can-Am, 2024 na 2025 wakaja Polaris RZR na Xavier de Soultrait halafu Brock Heger. Ni kweli kabisa. Lakini kwenye Dakar jioni nyingi dereva akifika anakuta mafundi wanamsubiri na lori lina spea za bagi zima karibu, wanashusha, wanafungua, wanabadilisha usiku kucha, asubuhi anakabidhiwa jipya. Nyie mkifika jioni North Horr, kule Chalbi, mtakuta nani? Mashindano yanakuonyesha bagi lina kasi na fremu yake ngumu, hayakuonyeshi litavumiliaje wiki nzima bila kufunguliwa.

Na Chalbi yenyewe watu wanaiota kama filamu, matuta ya dhahabu mpaka upeo wa macho. Sehemu kubwa ni uwanda wa udongo na chumvi, palikuwa ziwa zamani, pakikauka ni pagumu kama uwanja wa ndege na upepo unapiga balaa. Mvua zikinyesha panageuka tope la kunasa, hata lori linazama, kwa hiyo Machi mpaka Mei msijaribu, na Oktoba Novemba muulize kwanza wenyeji wa Maikona na Kalacha kabla ya kuingia. Mkielekea Loiyangalani ziwani Turkana mnakutana na mawe meusi ya volkano, makali, yanachana tairi ubavuni sio chini. Zile tairi za makasia, zenye mapezi ya kuchota mchanga, ambazo makala imezisifia zipelekeni kwenye matuta ya Dubai, huku chukueni za ply 8, yani zilizokazwa zaidi, zenye ubavu mnene, na vifaa vya pancha vya kutosha pamoja na pampu ndogo ya umeme, maana mtapunguza upepo mchangani na mtataka kuurudisha kwenye mawe. Rimu za bidiloki zinasaidia tairi isichomoke kwenye rimu ikiwa na upepo mdogo, ila zina boliti kibao za kukaza, kama hamna subira ya kuzikagua msinunue.

Mafuta nayo. Marsabit jazeni kila kitu, huko mbele mara nyingi ni petroli ya kwenye madumu kando ya duka, hujui imekaa toka lini wala imechanganywa na nini. Injini ya tabo inataka petroli ya okteni ya juu na ikinyweshwa uchafu inagonga, ile ya kawaida isiyo na tabo inasamehe zaidi. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuacha tabo, hata kabla ya bei. Chujeni kwa kitambaa, kikoi kizuri kinafaa, na kikoi kingine mjifunge usoni maana hamna kioo cha mbele. Filta ya hewa muifungue kila jioni, sio mkifika nyumbani.

Na msiendeshe kutoka Tanga. Hapa mpaka Marsabit ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami na hivi vitu sio vya lami, tairi zinaisha, mkanda unachoka, usukani mengi uko kushoto kwa hiyo kuovateki nyuma ya basi la Mombasa ni kamari. Pakieni kwenye Fuso, na karatasi za kuvuka Horohoro mzishughulikie kabla, sio mfike pale saa kumi jioni na bagi lisilo na maelezo.

Wakinilazimisha nichague, nawaambia chukueni mabagi mawili, yafanane kila kitu, aina moja na mwaka mmoja, cc 1000 bila tabo, yenye karai. General mbili au Ranger mbili. Mkanda wa huku unaingia kule, beringi inaingia kule, na moja likifa kabisa lingine linalivuta au linawabeba wote mpaka barabarani. Wao wanataka kila mtu na lake, mmoja X3, mmoja RZR, mmoja Kawasaki KRX, yani spea za aina tatu kwenye jangwa ambalo hata nati ya nane huipati. Kwa hela hiyo hiyo ya bagi moja jipya la tabo wanaweza kupata mawili yaliyotumika, ila wakinunua lililotumika wasome mita ya masaa na sio kilomita, wafungue boksi la filta wapitishe kidole ndani, kidole kikitoka na vumbi upande wa injini waliache hapo hapo hata likiwa limepigwa rangi mpya. Na walale chini waangalie fremu sehemu za A-arm kama kuna alama za kuchomelea.

Mhariri, mkirudia hiyo makala tunaomba muweke uzito linalobeba, lita za tangi na aina ya mkanda pembeni ya hizo hospawa. Na vijana wanne wanajijua, bagi likishanunuliwa waje nalo na madumu yamejaa, watu wamekaa, mahema juu, tutalipeleka kwenye barabara za mashamba ya mkonge huko Pongwe kwenye vumbi jekundu mchana wa jua kali, na mkanda wa kwanza wataubadilisha wenyewe mi nikiwa nimekaa na chai yangu.

Fundi wa Ngamiani,
Tanga