Kasi ya sevu: tuambiwe pia rada ilikaa wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu kasi ya sevu za tenisi, yaani mipigo ya kuanzisha pointi, zinazopimwa kwa rada ndogo za mkononi. Namba inaandikwa gazetini, kilomita 165 au 180 kwa saa, na msomaji anaachwa hapo. Mchezaji yuleyule na mpigo uleule, ukihamisha tu kifaa, vinakupa tofauti ya kilomita 14 kwa saa.

Rada hizi nyingi hutoa mawimbi ya jigahezi 24 hivi. Yanagonga mpira na kurudi yakiwa na masafa tofauti kidogo. Mpira unaokwenda kilomita 180 kwa saa huyabadili kwa karibu hezi 8,000, na kifaa kinahesabu kasi kutokana na tofauti hiyo. Ila kinauona ule mwendo wa kuja kwake au kukiacha moja kwa moja tu. Mpira ukienda mshazari, sehemu ya kasi inapotea: digrii 10 zinakula asilimia 1.5, digrii 20 asilimia 6, digrii 30 asilimia 13. Pembe haiongezi kasi hata siku moja, inapunguza tu.

Wapimaji wengi wanajihadhari na pembe ya kulia na kushoto, wakaisahau ya juu na chini. Hapo ndipo kilomita nyingi zinapotelea. Mchukue mchezaji anayeupiga mpira ukiwa mita 2.7 juu ya ardhi, nusu mita ndani ya mstari wa nyuma. Mpimaji amesimama mita 4 nyuma ya mstari, rada ikiwa usawa wa kifua, mita 1.2. Rada inatazama juu kwa digrii 18, mpira unashuka kwa digrii 6 hivi. Jumla ni 24. Sevu ya 180 inasomeka 164. Ukirudi nyuma hadi mita 10 kutoka mpira unapopigwa, kwa kimo kilekile, unapata 174. Ukiipandisha rada hadi mita 2.5 pale pale ulipokuwa mwanzo, unapata 178.

Kwa hiyo mahali pazuri ni kwenye nguzo ya uzio nyuma ya mpigaji, kama mita 6 kutoka mstari, kimo cha mita 2.5. Ifunge kwenye nguzo, si kwenye senyenge, maana senyenge inatikisika upepo ukivuma na kifaa kinayumba nayo. Ikae upande wa ndani wa uzio. Ukiiweka nje, waya zinazuia mawimbi na kuyatawanya. Kimo hicho kina faida nyingine: rada inaona juu ya kichwa cha mchezaji. Ikiwa chini, mgongo wake unaukinga mpira kwenye mita zile za mwanzo, ambazo ndizo tunazozitaka.

Nasema ndizo tunazozitaka kwa sababu mpira wa tenisi una manyoya na ni mwepesi, gramu 56 hadi 59.4, hivyo hewa inaukamata upesi. Kwa sevu kali unapoteza takriban asilimia 2 ya kasi kwa kila mita. Rada ikichelewa kuudaka kwa mita 4, ile 180 imeshakuwa 166 hivi, na hapo pembe haina kosa lolote. Ndiyo sababu siwashauri watu kukaa nyuma ya mpokeaji na kuelekeza rada kwa mpigaji. Umbali unazidi mita 24, mwangwi wa mpira mdogo namna ile ni hafifu, na kifaa kinaweza kuuona ukiwa umeshachoka.

Kwa upande wa kushoto na kulia, hesabu ni nyepesi. Kutoka katikati ya mstari wa nyuma hadi mwisho wa boksi la sevu, eneo ambamo sevu inatakiwa kudunda, ni mita 18.3, na boksi lina upana wa mita 4.1. Rada ikikaa nyuma ya mpigaji kwenye mstari wa kati wa uwanja, sevu ya pembeni kabisa inaachana nayo kwa digrii 12.7, na 180 inakuwa 176. Isogeze pembeni hadi rada, mpigaji na katikati ya boksi viwe kwenye mstari mmoja. Upotevu unashuka hadi kilomita 1 tu. Mchezaji akihamia upande wa pili, ihamishe.

Makosa mengine. Ukibonyeza mapema mno rada inaweza kuushika mwendo wa raketi. Mpira uliorushwa juu ukapigwa hutoka kwa kasi kuliko raketi, kwa hiyo ukiona namba kama 130 katikati ya mfululizo wa 175 na 180, hiyo ni raketi, ifute. Feni ya ukumbini na gari linalopita nyuma ya uwanja navyo huingia kwenye kipimo. Betri zinazochajiwa hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kuna vifaa vinavyolalamika betri imekwisha wakati bado.

Kabla ya kununua, soma ukomo wa kifaa. Bushnell Velocity imeandikiwa mwisho wa maili 110 kwa saa kwa mipira, yaani kilomita 177. Pocket Radar Ball Coach inafika maili 130, kilomita 209. Kijana mwenye mkono mzito anaupita huo wa kwanza. Halafu angalia kama kioo kinaonyesha maili au kilomita. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huja vikiwa kwenye maili, na 112 ya maili ni 180 ya kilomita. Kosa hili ni la kitoto, lakini linafanyika.

Wasio na rada hutumia simu ya picha 240 kwa sekunde: wanahesabu picha tangu mpira upigwe hadi udunde. Njia si mbaya, mradi ijulikane inatoa wastani wa safari nzima. Sevu iliyoanza na 180 itachukua picha 109 hivi na kutoa wastani wa 149. Ukiweka hiyo kando ya 180 ya rada unamdhulumu mtoto wa watu. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, mpira hupungua kasi polepole zaidi, na wastani wa simu utakuwa juu kidogo kwa mpigo uleule.

Kukagua rada, mwombe mwenye gari apite barabara iliyonyooka kwa kilomita 60 kwa saa zinazosomwa na GPS ya simu, si mshale wa dashibodi, ambao kwa kawaida huzidisha. Simama mita 3 kando ya njia, lipime likiwa mita 100 mbali. Kifaa kikitofautiana na GPS kwa zaidi ya kilomita 2, usikiamini.

Hata kwa wachezaji wakubwa duniani kuna ugomvi huu. Sam Groth alipimwa 263.4 mjini Busan, Korea Kusini, mwaka 2012, lakini rekodi inayotambuliwa na ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ni ya John Isner, 253, katika Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, mwaka 2016.

Ombi langu kwa waandishi wako ni mstari mmoja zaidi, kwa mfano: "178 km/h, kubwa kuliko zote kati ya sevu 10 zilizoingia, rada nyuma ya mpigaji kimo cha mita 2.5, mipira mipya."

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam